Henry Ellsworth, mwanasheria aliyesimamisha upya ofisi ya wavumbuzi baada ya moto

Usiku wa kuamkia tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1836, moto uliwaka katika jengo moja la mji wa Washington, makao makuu ya Marekani. Ndani ya jengo hilo mlikuwa na ofisi mbili za serikali: posta ya mji na ofisi ya hataza. Pampu ya kuzimia moto ilikuwepo, lakini mipira yake ya ngozi ilikuwa imezeeka na kuoza, na kikosi cha watu wa kujitolea kilichopaswa kuitumia kilikuwa kimekwisha kuvunjika. Kulipopambazuka, kumbukumbu za wavumbuzi wa nchi nzima, zilizokusanywa kwa miaka 46, zilikuwa majivu.

Aliyepaswa kueleza hasara hiyo mbele ya taifa alikuwa mwanasheria wa miaka 45, Henry Leavitt Ellsworth. Alikuwa na miezi mitano tu tangu apewe cheo cha kamishna wa hataza, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kubeba cheo hicho. Hakuwa fundi wala mvumbuzi. Kazi yake ilikuwa kuamua nani ana haki juu ya kitu kipya, na sasa hakuwa na karatasi hata moja ya kumsaidia kuamua.

Hataza, ile ambayo kwa Kifaransa huitwa brevet, ni hati ambayo serikali humpa mvumbuzi ili kwa miaka maalum mtu mwingine asitengeneze, asitumie wala asiuze kitu alichokibuni bila ruhusa yake. Mwenye hati hiyo anaweza kumpeleka mwizi wa kazi yake mbele ya hakimu. Ikiwa hati imeungua na nakala ya serikali nayo imeungua, hakimu hana cha kusoma. Ndiyo maana moto wa usiku ule haukuwagusa watumishi wa ofisi peke yao. Uliwagusa mafundi, wahunzi na wakulima kila pembe ya nchi.

Mtoto wa jaji mkuu

Ellsworth alizaliwa tarehe 10 mwezi wa kumi na moja mwaka 1791 katika mji mdogo wa Windsor, jimbo la Connecticut, pamoja na pacha wake William. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya sheria. Baba yao, Oliver Ellsworth, alikuwa mmoja wa wajumbe wa mkutano ulioandika katiba ya Marekani mwaka 1787, na baadaye akawa jaji mkuu wa tatu wa nchi hiyo. William naye alikuja kuwa gavana wa Connecticut.

Henry alisoma katika chuo cha Yale na kumaliza mwaka 1810. Kati ya vijana waliomaliza pamoja naye alikuwemo mmoja aliyependa kuchora picha, jina lake Samuel Morse. Urafiki wao ungekuja kuzaa matunda zaidi ya miaka 30 baadaye. Kutoka Yale, Ellsworth alikwenda kujifunza sheria katika shule ya Litchfield, mojawapo ya shule za kwanza za sheria nchini humo. Mwaka 1811, akiwa kijana wa miaka 19, alisafiri kwa farasi hadi eneo ambalo leo ni jimbo la Ohio, ili kuangalia mashamba ambayo familia yake ilikuwa nayo huko. Safari hiyo ilimwachia mapenzi ya ardhi ya magharibi ambayo hayakumtoka maisha yake yote.

Mwaka 1813 alimwoa Nancy Goodrich, nao wakapata watoto watatu. Alifanya kazi ya uwakili Windsor, kisha Hartford, mji mkubwa wa jimbo lake. Alijulikana kama mtu wa mahesabu, mpenda kilimo na mwenye marafiki wengi katika siasa.

Kazi ya serikali katika nchi za Wahindi

Mwaka 1832 Raisi Andrew Jackson alimpa kazi ya kwanza kubwa. Miaka miwili kabla yake, Jackson alikuwa ametia sahihi sheria ya kuwahamisha wenyeji wa asili wa Marekani, wale walioitwa Wahindi Wekundu, kutoka ardhi zao za mashariki na kuwapeleka ng'ambo ya mto Mississippi. Ellsworth alikuwa mmoja wa makamishna watatu waliotumwa magharibi kuzitazama ardhi hizo mpya na kusuluhisha ugomvi wa mipaka kati ya makabila yaliyohamishwa na yale yaliyokuwa yakiishi huko tangu zamani.

Katika safari hiyo, kwenye miezi ya mwisho ya mwaka 1832, alifuatana na mwandishi mashuhuri Washington Irving, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya mbuga walizopita. Ellsworth mwenyewe alimwandikia mkewe barua ndefu sana kuhusu waliyoyaona. Barua hiyo ilichapishwa kuwa kitabu zaidi ya miaka 100 baadaye.

Sehemu hii ya maisha yake haiwezi kurukwa. Mtu ambaye baadaye angesifiwa kwa kulinda haki ya mvumbuzi juu ya kazi ya akili yake, alikuwa kwanza mtumishi wa siasa iliyowanyang'anya watu ardhi ya babu zao. Maelfu walikufa njiani katika uhamisho huo. Ellsworth hakuitunga siasa hiyo, lakini aliitumikia.

Ofisi iliyompa hati kila aliyelipa

Mwaka 1835 wakaaji wa Hartford walimchagua awe meya wao. Hakukaa hata miezi mitatu. Jackson alimwita Washington kusimamia ofisi ya hataza, iliyokuwa chini ya wizara ya mambo ya nje.

Alichokikuta kilikuwa fujo. Kulingana na sheria ya mwaka 1793, ofisi ilikuwa kama daftari tu. Mtu alileta maelezo, mchoro, kielelezo kidogo cha mashine na dola 30, naye akaondoka na hati. Hakuna aliyeuliza kama kitu hicho kilikuwa kipya kweli. Wajanja waligundua mlango huo. Waliingia katika chumba cha vielelezo, wakatazama kazi ya mtu mwingine, wakaibadilisha kidogo au hata wakaiacha ilivyo, kisha wakaiombea hati kwa jina lao. Baada ya hapo walizunguka vijijini wakiwauzia watu haki za mashine ambazo hazikuwa zao. Mahakama zilijaa kesi, na mvumbuzi wa kweli alitumia pesa nyingi kwa mawakili kuliko alizozipata kwa uvumbuzi wake.

Ellsworth aliijua hasara hiyo kwa jicho la wakili. Alishirikiana na John Ruggles, seneta wa jimbo la Maine, ambaye mwenyewe alikuwa akibuni mitambo. Kamati ya Ruggles ilileta mswada mpya, na tarehe 4 mwezi wa saba mwaka 1836, siku ya sikukuu ya uhuru, Jackson aliutia sahihi ukawa sheria.

Sheria hiyo ilibadilisha mambo makubwa. Ofisi ya hataza ikawa idara kamili yenye kamishna wake. Akawekwa mkaguzi mwenye ujuzi wa ufundi, wa kwanza akiwa Charles Keller, ili kila ombi lichunguzwe kabla ya kukubaliwa: je, kitu hiki ni kipya, na kina faida? Aliyekataliwa alipewa njia ya kukata rufaa. Hati ilidumu miaka 14, na iliweza kuongezwa 7. Zikaanza kuhesabiwa upya kwa namba, na namba 1 ilikwenda kwa Ruggles mwenyewe, kwa ubunifu wa magurudumu ya garimoshi yasiyoteleza. Ukaguzi wa namna hiyo ndio ambao leo nchi nyingi duniani zinaufuata.

Sheria ilikuwa na ubaguzi wake pia. Raia wa Marekani alilipa dola 30, mgeni wa nchi nyingine alilipa 300, na Mwingereza alilipa 500. Pia kila mwombaji alipaswa kula kiapo kwamba ndiye mvumbuzi wa kweli, na kutaja ni raia wa nchi gani. Kipengele hicho cha mwisho kingekuja kuwafungia mlango watu wengi, kama tutakavyoona.

Baada ya majivu

Miezi mitano baada ya sheria kupita, ukaja ule moto. Hasara ilikuwa karibu hataza 10,000, michoro 9,000 na vielelezo 7,000. Jengo lenyewe lilikuwa na historia yake. Mwaka 1814, wakati jeshi la Uingereza lilipochoma majengo ya serikali mjini Washington, hilo liliachwa, kwa sababu msimamizi wa hataza wa wakati ule, daktari William Thornton, aliwasihi askari wasiteketeze mali ya akili ambayo ingefaidisha dunia nzima. Kile ambacho maadui walikiacha katika vita, uzembe wa wenyeji ulikimaliza katika siku za amani. Bunge lilikuwa limekwisha kukubali kujenga jengo jipya lisiloungua kirahisi, na kazi ilikuwa imeanza. Moto ulitangulia.

Ellsworth aliihamishia ofisi katika jumba la mji na kuanza kutafuta. Tarehe 3 mwezi wa tatu mwaka 1837 Bunge lilipitisha sheria ya kurudisha kumbukumbu. Mpango ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kutimiza: kila aliyekuwa na hati ya awali nyumbani aliombwa ailete ili inakiliwe. Mahakama zilizokuwa na nakala katika mafaili ya kesi ziliombwa vilevile. Bunge lilitenga hadi dola 100,000 kwa kutengeneza upya vielelezo vya maana zaidi.

Kwa maneno mengine, serikali iligeuka ikawa mwombaji mbele ya raia wake. Watu walifungua masanduku, wakatoa karatasi zilizotiwa sahihi na maraisi wa kale, wakazipeleka Washington. Jumla ya hati 2,845 zilirudishwa. Zilizobaki, zaidi ya 7,000, zilipotea pamoja na maelezo yake. Hati za kabla ya hesabu mpya ya mwaka 1836 zilipewa namba zenye herufi X ili zisichanganywe na mpya. Hata mwaka 2004, wanasheria wawili walizikuta nyingine 14 katika maktaba ya chuo cha Dartmouth.

Kati ya zile zilizoungua na ambazo maelezo yake hayajapatikana hadi leo ni hati ya Thomas Jennings, fundi nguo wa New York. Mwaka 1821 alipewa hataza kwa njia yake ya kusafisha nguo bila kuziharibu kwa maji. Jennings ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza anayejulikana kupata hataza, na pesa alizozipata alizitumia kuwakomboa jamaa zake kutoka utumwani na kusaidia harakati za kuukomesha. Jina lake na tarehe vimebaki. Alivyokuwa akiisafisha nguo, hakuna anayeweza kusoma.

Mweusi mwingine, Henry Blair, mkulima wa Maryland, alipata hataza mwaka 1834 kwa mashine ya kupanda mahindi, na ya pili mwezi wa nane mwaka 1836 kwa mashine ya kupanda pamba. Hiyo ya pili ilitoka chini ya uongozi wa Ellsworth. Blair alikuwa mtu huru. Kwa mtumwa mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1858 mwanasheria mkuu wa serikali aliamua kwamba uvumbuzi wa mtumwa hauwezi kupata hataza, iwe kwa jina lake au kwa jina la bwana wake. Mtumwa hakuhesabiwa kuwa raia, kwa hiyo hakuweza kula kile kiapo cha sheria ya 1836. Bwana naye hakuweza kuapa kwamba ndiye aliyebuni.

Mbegu katika bahasha

Ellsworth hakuitazama ofisi yake kama ghala la mashine tu. Aliamini kwamba mbegu bora ni uvumbuzi sawa na jembe bora, na kwamba mkulima alikuwa amesahauliwa na serikali. Bila kupewa pesa yoyote kwa kazi hiyo, aliwaomba mabalozi wadogo na maofisa wa jeshi la maji waliokuwa ng'ambo wamletee mbegu na miche. Kisha alizigawa kwa wakulima kupitia wabunge wao.

Mwaka 1839 Bunge lilikubali kumpa dola 1,000 kutoka pesa za ada za hataza, ili akusanye mbegu, azigawe, na aandike takwimu za mavuno. Toka hapo ripoti zake za mwaka zilibeba habari za ngano, mahindi na viazi kando ya orodha za mashine. Kazi hiyo ilikua ndani ya ofisi ya hataza hadi mwaka 1862, Raisi Abraham Lincoln alipoitoa na kuifanya idara ya kilimo. Kwa sababu hiyo Wamarekani wengi humwita Ellsworth baba wa idara hiyo, ingawa ilizaliwa akiwa amekwisha kufariki.

Binti wa kamishna na waya wa Morse

Rafiki yake wa chuoni, Samuel Morse, alipata hataza ya telegrafu mwaka 1840. Lakini hati bila waya haikutosha. Kwa muda mrefu Morse aliliomba Bunge pesa za kujenga njia ya majaribio kati ya Washington na Baltimore. Wabunge wengine walimcheka. Usiku wa tarehe 3 mwezi wa tatu mwaka 1843, siku ya mwisho ya kikao, alikata tamaa, akaenda kulala akiwaza safari ya kurudi New York na pesa chache mfukoni.

Asubuhi yake aliyemletea habari alikuwa Annie, binti kijana wa Ellsworth: Bunge lilikuwa limempa dola 30,000 katika saa za mwisho. Kwa furaha Morse alimwahidi kwamba yeye ndiye angechagua ujumbe wa kwanza. Ahadi ilitimizwa tarehe 24 mwezi wa tano mwaka 1844. Annie, kwa ushauri wa mama yake, alichagua maneno ya Biblia kutoka Kitabu cha Hesabu, yanayoshangaa matendo ya Mungu. Yalisafiri kilomita karibu 60 kwa muda mfupi, wakati barua kwa treni ilihitaji saa nzima na zaidi.

Maneno yaliyogeuzwa

Katika ripoti yake ya mwaka 1843 Ellsworth aliandika kwamba maendeleo ya ufundi, mwaka baada ya mwaka, yalikuwa makubwa kiasi cha kuwa vigumu kusadiki, hata yakaonekana kama dalili ya kukaribia wakati ambapo maendeleo ya binadamu yatafika mwisho. Ilikuwa namna ya kusifu. Mtu huyohuyo, katika ripoti zake, alieleza jinsi kazi ya ofisi ilivyokuwa ikiongezeka.

Lakini sentensi hiyo ilitembea. Watu waliisimulia kwamba kamishna fulani alitaka ofisi ifungwe kwa sababu kila kitu kimekwisha kuvumbuliwa. Baadaye hadithi hiyo ilibandikwa kwa kamishna mwingine, Charles Duell, mwanasheria pia, aliyeongoza ofisi hiyo mwishoni mwa karne ya 19. Mtafiti mmoja aliyepekua kumbukumbu mwaka 1940 hakupata ushahidi wowote kwamba kuna kamishna aliyesema hivyo. Hata leo hadithi hiyo inasimuliwa katika mikutano na vitabu kama kichekesho juu ya watumishi wa serikali.

Ellsworth aliacha ofisi mwaka 1845. Alihamia Lafayette, jimbo la Indiana, ambako aliwekeza katika ardhi kubwa za mbuga kando ya mto Wabash na kuwahimiza walowezi wazilime kwa mashine. Alirudi Connecticut katika siku zake za mwisho, akafariki Fair Haven tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1858, akiwa na miaka 67.

Jengo jipya lililofunguliwa mwaka 1840, akiwa bado kamishna, liko hadi leo katikati ya Washington, ingawa sasa ni jumba la makumbusho ya picha na sanaa. Hesabu ya hataza iliyoanza na namba 1 mwezi wa saba mwaka 1836 haijakatika. Mwaka 2018 ilifika namba milioni 10. Nyuma ya namba hiyo kubwa wako pia wale zaidi ya 7,000 ambao hati zao hazikuonekana tena baada ya usiku wa moto, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kubadilisha mpira wa maji uliooza.